Miungu ya karatasi haikuchapwa ikae milele

Katika mji wa Edo, yaani Tokyo ya leo, mtoto akishikwa na ndui, jamaa na majirani walikuja kumjulia hali wakiwa na picha mkononi. Zilikuwa nyekundu tupu, wino mwekundu juu ya karatasi nyepesi bila rangi nyingine. Moja ina Shōki, mpiga mazimwi mwenye ndevu. Nyingine ina Daruma na macho yake makali, au shujaa Tametomo, ambaye ilisimuliwa kwamba ndui haikuthubutu kutia mguu katika kisiwa alichokaa. Mgonjwa alizishika, akazichezea, zikabandikwa karibu na malazi yake. Akishapona, picha zilichomwa moto au zikaachiwa mto uzichukue. Kazi imekwisha, mlinzi anaondoka pamoja na ugonjwa aliokuja kuufukuza.

Ndiyo sababu chapa hizo, ziitwazo hōsō-e, ni adimu leo. Zilizofaulu ziliteketea. Zilizobaki katika makumbusho, zikiwa zimelala ndani ya makasha yasiyopitisha mwanga, nyingi ni zile ambazo kwa sababu moja au nyingine hazikufikishwa mwisho wake. Anayezitazama anatazama dawa ambayo haikumaliziwa dozi.

Naanza na ndui kwa makusudi, kwa kuwa mazungumzo ya kupamba nyumba kwa chapa za mbao za Kijapani huanzia kwingine kabisa. Huanzia kwenye rangi ya ukuta, upana wa fremu na kama picha itapatana na kochi. Maduka ya mapambo mtandaoni yanamuuza Fudō Myōō, mungu wa hasira mwenye upanga, kamba na ndimi za moto mgongoni, akiwa amefubazwa hadi ukijivu ili asigombane na mapazia. Shōki anauzwa kwa saizi tatu. Miungu Saba ya Bahati imechapwa juu ya turubai kwa mashine, imenyooshwa kwenye mbao, tayari kwa msumari. Sina ugomvi na mtu kutundika picha hizi nyumbani kwake, maana nyumbani ndiko zilikotoka. Ninachopinga ni kuzitundika kana kwamba zilitengenezwa zikae hapo milele.

Wapo watakaosema kosa liko kwingine, kwamba ni utovu wa heshima kugeuza kitu cha ibada kuwa pambo. Hoja hiyo ina uzito, lakini mara nyingi hutolewa na watu wasioijua historia ya picha zenyewe. Uchapaji wa Japani ulianza na ulinzi, sanaa ikaja baadaye sana. Kati ya mwaka 764 na 770, Malkia Shōtoku aliamuru minara midogo ya mbao milioni moja itengenezwe, ndani ya kila mmoja uingizwe ukanda wa karatasi wenye dua ya Kibudha iliyochapwa, kisha igawiwe mahekalu makubwa kumi. Kanda hizo ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yaliyochapwa duniani ambayo wakati wake unajulikana, na hazikukusudiwa kusomwa na mtu yeyote. Zilifungiwa ndani ya minara zifanye kazi yake gizani. Karne zilizofuata, picha za Budha ziligongwa muhuri kwa mamia juu ya karatasi moja na kutiwa ndani ya matumbo ya sanamu, mahali ambapo jicho la mwanadamu halifiki. Wazo kwamba chapa ipo ili itazamwe lilichelewa kufika.

Lilipofika, lilikuta tayari kuna jamaa mbili za picha, na anayetaka kupamba nyumba yake anapaswa kujua anashika ipi. Jamaa ya kwanza hutoka hekaluni. Hizi ni karatasi za ulinzi, ofuda, zinazotolewa na mahekalu ya Kibudha na ya Kishinto kwa sadaka ndogo. Nyingine zina maandishi na mihuri tu, nyingine zina picha. Jamaa ya pili hutoka sokoni, nayo ni kazi ya wachoraji, wachongaji na wapiga chapa waliokuwa wakihangaikia kodi ya nyumba kama watu wengine. Mungu anaweza kuwa yuleyule katika zote mbili, lakini masharti ya kuishi naye yanatofautiana.

Katika jamaa ya kwanza, mfano ninaoupenda unatoka Mlima Hiei, juu ya Kyoto, kwenye hekalu kuu la Enryaku-ji. Mkuu wake katika karne ya 10 alikuwa mtawa Ryōgen, aliyezaliwa mwaka 912 na kufariki siku ya tatu ya mwezi wa kwanza mwaka 985. Kwa tarehe hiyo ya kifo chake watu walimwita Ganzan Daishi, Mwalimu Mkuu wa Mwezi Mosi, Siku ya Tatu. Masimulizi yanasema kwamba mwaka mmoja kabla hajafa, tauni iliingia mjini. Ryōgen akaketi mbele ya kioo, akazama katika tafakuri, na sura yake kwenye kioo ikaanza kubadilika hadi ikawa ya zimwi. Mwanafunzi wake mmoja akaichora. Mwalimu akaagiza picha hiyo ichongwe kwenye ubao, ichapwe, na watu waibandike milangoni. Penye picha hiyo, alisema, maradhi hayatapita.

Karatasi hiyo ingali inatolewa hadi leo, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Ni nyembamba na ndefu, na wino wake ni mweusi peke yake. Kiumbe aliyemo amekonda hata mbavu zinahesabika. Pembe mbili ndefu zinachomoza kichwani, macho yameviringa, kinywa kiko wazi. Hakuna kivuli, hakuna mandhari, hakuna hata mstari wa sakafu. Mchongaji hakujisumbua kumpendeza mtu. Katika nyumba za zamani za Kyoto utamkuta juu ya mlango wa mbele, kando ya kengele ya umeme na kisanduku cha barua, karatasi imepauka kwa jua na kona moja imeshabanduka. Mrithi wa utawa wa miaka elfu moja anachungulia barabara akiwa amebandikwa kwa gundi, na hakuna anayeona ajabu.

Naamini hapo ndipo anapoonekana vizuri kuliko popote. Mchukue umtie kwenye fremu ya dhahabu, umwekee taa ya kumulika, na anakuwa kichekesho, kibonzo cha zimwi lenye utapiamlo. Nguvu yake ya kuvutia macho inatokana na kuwa mlangoni, mahali ambapo mtu anapita bila kusimama. Na kwa desturi ofuda hazikai. Kwa kawaida hubadilishwa kila mwaka, na ile ya zamani hurudishwa hekaluni ikachomwe kwa dua. Mwezi Januari, hasa karibu na tarehe 15, mahekalu na vijiji vingi huwasha moto mkubwa wa kuteketeza mapambo ya mwaka mpya na hirizi zilizomaliza zamu. Anayenunua ofuda kama kumbukumbu ya safari, akaitundika ukutani kwa miaka ishirini, kwa kipimo cha waliompa amemzuia mlinzi asistaafu.

Sokoni mambo yalikuwa na raha zaidi. Mungu aliyefanya biashara kubwa huko ni Shōki, na hata si mwenyeji wa Japani. Hadithi yake inatoka China. Mfalme Xuanzong wa nasaba ya Tang alishikwa na homa, na homa yenyewe, kwa maelezo ya vitabu vya Kichina, ni ile ya vipindi ambayo watu wa ukanda wetu hatuhitaji kufundishwa: malaria. Katika ndoto akaona kizimwi kidogo kikiiba filimbi yake na mkoba wa manukato wa kipenzi chake, Yang Guifei. Mara akatokea jitu lenye ndevu na kofia ya ofisa, likakikamata kizimwi, likaking'oa macho na kukila. Jitu likajitambulisha. Lilikuwa roho ya Zhong Kui, mwanafunzi aliyefeli mtihani wa utumishi wa kifalme akajiua kwa kujigonga kichwa kwenye ngazi za kasri. Kwa kuwa alizikwa kwa heshima, aliapa kuiondolea dola mazimwi. Mfalme alipoamka homa ilikuwa imekwisha, akamwita mchoraji Wu Daozi aichore ndoto hiyo.

Wajapani walimpokea mwanafunzi huyo aliyefeli, wakamwita Shōki na kumpa kazi nyingi kuliko alizokuwa nazo kwao. Sikukuu ya watoto wa kiume, siku ya tano ya mwezi wa tano, alipeperushwa kwenye bendera na kubandikwa ndani. Akichorwa kwa wekundu mtupu, aliaminiwa kufukuza ndui. Huko Kyoto alipanda hadi juu ya mapaa, akifinyangwa kwa udongo uleule wa vigae. Inasimuliwa kwamba muuza dawa mmoja aliweka kigae chenye uso wa zimwi juu ya paa lake, na mke wa jirani wa ng'ambo ya barabara akaanza kuugua, kwa kuwa kila balaa iliyofukuzwa na zimwi lile ilivuka barabara na kumwingilia. Jirani akamweka Shōki juu ya paa lake amkabili yule zimwi, na mkewe akapona. Kisa hiki kinapendeza kwa namna kinavyowajua majirani. Zindiko la mmoja ni karaha ya mwingine.

Wachapishaji wa Edo walijua wanauza nini. Kulikuwa na chapa za kutundikwa kwenye nguzo za nyumba, hashira-e, zenye urefu wa sentimita 70 hivi na upana wa 12 hivi tu, na umbo hilo lilimfaa Shōki, kwani mchoraji alilazimika kumkata ubavu mmoja ili aenee, na kwa kukatwa huko akaonekana anatokeza kutoka ndani ya nguzo yenyewe. Jikoni moshi ulimpata, watoto walimshika, joto la kiangazi lilimkunja. Chapa za nguzo zilizosalia nyingi zina rangi ya chai. Wachoraji haohao hawakuona aibu kumtania, wakamchora hata akiwa na wanawake warembo wa mtaa wa starehe, upanga wake ukiwa hauna kazi. Kwa mtu aliyelelewa kuona kitu kitakatifu kikitengwa na mzaha, hilo linashangaza. Edo haikuona tatizo.

Mpaka kati ya mungu na tangazo la biashara nao ulikuwa mwembamba. Waigizaji wa kabuki wa ukoo wa Ichikawa, wanaorithishana jina la Danjūrō, walikuwa wafuasi wakubwa wa Fudō wa hekalu la Narita, na walimwigiza jukwaani. Danjūrō alipokodoa macho kwa mtindo wa ukoo huo, watazamaji waliamini kwamba aliyetazamwa na jicho lile hatapatwa na maradhi mwaka mzima. Sasa chukua chapa ya mwigizaji akiwa Fudō, macho yamekodolewa, moto mgongoni. Ni picha ya mungu, picha ya nyota wa jukwaani, au tangazo la onyesho? Aliyeinunua kwa bei iliyokaribiana na ya bakuli la tambi za soba huenda alizitaka zote tatu. Anayeniambia leo kwamba kuiweka sebuleni ni kuishushia hadhi, namwomba kwanza anioneshe hiyo hadhi ilikuwa wapi.

Lakini hakuna mahali ambapo picha za ulinzi zilifanya kazi kwa kasi na kwa ulimi mkali kama baada ya usiku wa tarehe 11 Novemba 1855. Karibu saa nne usiku tetemeko la ardhi liliipiga Edo. Maelfu walikufa, moto ukala mitaa, na kabla vifusi havijapoa wachapishaji walikuwa wameshaanza kazi. Imani ya kale ilisema kwamba chini ya ardhi analala kambare mkubwa, na mungu wa Kashima, Takemikazuchi, amemkandamiza kichwa kwa jiwe zito. Tetemeko lilikuja mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani, mwezi ambao miungu karibu yote huenda kwenye mkutano wao Izumo. Maelezo yakawa rahisi: mungu wa Kashima alikuwa safarini, na mungu Ebisu aliyeachiwa zamu alisinzia.

Katika muda wa wiki chache zilitoka chapa za kambare za aina zaidi ya 200. Baadhi zilikuwa kinga halisi, mungu wa Kashima amesimama juu ya samaki, upanga umezama kichwani mwake, na juu maneno ya kubandikwa nyumbani ili paa lisianguke. Nyingine zilikuwa na sumu. Moja ya aina zinazorudiwa sana inaonesha watu wa mjini wakimshambulia kambare kwa marungu na zana walizokuta, huku pembeni wakitokea mafundi seremala, mafundi lipu na waezeka mapaa wakikimbia kumwokoa. Kisa ni nini? Tetemeko limewajaza kazi na fedha. Katika nyingine kambare anawalazimisha matajiri kutapika sarafu za dhahabu, na maskini wanaziokota. Karibu zote hazina jina la mchoraji wala muhuri wa mkaguzi wa serikali. Baada ya miezi miwili hivi wakubwa walichoka, wakaamuru mbao za kuchapia ziharibiwe.

Nawaza juu ya chapa ya kambare ikiwa ukutani pa chumba cha kulia chakula, imewekewa fremu nyembamba nyeusi, mwenye nyumba akiwaeleza wageni kwamba ni samaki wa Kijapani. Si uongo. Lakini ile karatasi ilikuwa mara moja kinga ya paa, gazeti la jioni, kijembe kwa matajiri na kicheko cha watu waliokuwa bado wanafukua maiti. Wageni wanastahili kuelezwa walau nusu ya hayo.

Kuna jambo la ufundi ambalo mapambo ya mashine yanalificha. Mchoraji alichora kwa brashi juu ya karatasi nyepesi. Karatasi hiyo iligandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, na mchongaji akakata kuifuata, kwa hiyo mchoro asilia uliangamia tangu hatua ya kwanza. Kila rangi ilihitaji ubao wake. Tangu mwaka 1765, zilipoenea chapa za rangi nyingi kwa kazi ya Suzuki Harunobu na wenzake, mbao kumi au zaidi kwa picha moja halikuwa jambo la ajabu. Alama mbili ndogo zilizochongwa pembezoni, kento, ndizo zilizomwezesha mpiga chapa kuiweka karatasi palepale kila mara. Rangi ilikuwa ya maji, ikichanganywa na gundi ya mchele, na karatasi ya nyuzi za mforosadi ililoweshwa kidogo, kisha ikasuguliwa mgongoni kwa baren, kidude bapa cha mkononi kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Rangi haikai juu ya karatasi kama lipu; inaingia ndani ya nyuzi. Ukiishika chapa halisi na kuigeuza, utaona rangi imepenya hadi nyuma, na ukiiinamisha kwenye mwanga utaona mistari imezama kidogo. Turubai la mashine halina mgongo wa namna hiyo.

Rangi hizo nyingi ni za mimea, na jua linazila. Wekundu wa beni, unaotokana na ua, hupauka. Buluu ya zamani ya aigami, nayo ya ua, hugeuka kijivu au manjano hafifu. Ndiyo sababu buluu ya Prussia ilipokelewa kwa shangwe miaka ya 1830, kwani ilistahimili. Makumbusho makubwa huonesha chapa kwa wiki chache tu kisha huzirudisha gizani zipumzike. Kwa hiyo anayeishi Mombasa au Tanga, penye jua la utosini, chumvi hewani na wadudu wapenda gundi ya wanga, akinunua chapa ya kale ya karne ya 19 kwa fedha nyingi na kuitundika mkabala na dirisha, ananunua kitu na kukiua kwa wakati mmoja. Hapa sizungumzii maadili. Ni suala la kemia.

Kuna pingamizi jingine bado, maana wasomaji wetu wana la kwao. Wengi watasema: picha za miungu ya watu wengine, ndani ya nyumba ya Mwislamu au Mkristo? Hilo kila mtu atalimaliza na dhamiri yake na dini yake, na simlazimishi yeyote. Nasema tu kwamba wazo la karatasi ya ulinzi mlangoni si geni kwetu hata tujifanye kulishangaa. Ayatul Kursiy iko juu ya milango mingi ya pwani, na Moyo Mtakatifu wa Yesu uko sebuleni kwa Wakatoliki kuanzia Moshi hadi Bukavu. Aliyeviweka hapo hakuviweka kwa ajili ya rangi ya ukuta.

Na tuna kidonda chetu kinachotusaidia kupambanua. Vigango vya Wamijikenda, nguzo za mbao zilizochongwa kwa kumbukumbu ya wazee wa chama cha Gohu, vilisimikwa ardhini ili vikae hapohapo hadi vioze. Viling'olewa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara, na vikaishia katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani kama mapambo ya kuvutia. Mwaka 2019 jumba la makumbusho la Denver lilirudisha Kenya 30 kati ya hivyo. Wapo wanaoweka vigango na chapa za Shōki katika kapu moja, "vitu vya kiroho vilivyogeuzwa mapambo". Hapana. Kigango hakikuwahi kuuzwa na aliyekisimika. Shōki alichongwa ili auzwe kwa yeyote mwenye sarafu, na ubao wake ungeweza kutoa nakala mamia kwa maelfu. Kimoja kiliibwa, kingine kilinunuliwa dukani. Kinachoviunganisha ni kimoja tu, nacho ndicho ninachokishikilia katika makala haya: vyote viwili vilitengenezwa vikiwa na mwisho wake ndani, na mkusanyaji wa vitu vya kale hapendi mwisho.

Nisieleweke kwamba watu wa Edo walikuwa wajinga waliotegemea karatasi mahali pa tiba. Chanjo ya ndui ilifanikiwa kuingia Japani mwaka 1849 kupitia Nagasaki, na wazazi waliogopa kuwachanja watoto wao kwa kitu kilichotoka kwa ng'ombe. Daktari Kuwata Ryūsai wa Edo alitafuta njia ya kuwashawishi. Alichapisha picha ya mtoto amepanda ng'ombe mweupe, mkuki mkononi, akimtimua zimwi la ndui. Mpangilio ni uleule wa Shōki na windo lake, mlinzi juu, zimwi chini likikimbia. Kilichobadilika ni mlinzi. Wataalamu wa mawasiliano ya afya wangefaidika kuitazama karatasi hiyo kabla ya kuagiza mabango mengine yenye maneno mengi na nembo sita chini.

Mtindo huo haujafa. Mwaka 1846 karatasi moja ya habari ilisimulia kwamba katika bahari ya Higo, Kumamoto ya leo, alitokea kiumbe mwenye nywele ndefu, mdomo wa ndege, magamba na miguu mitatu, akajitaja kuwa Amabie, akatabiri miaka sita ya mavuno mema na pia maradhi, na akaagiza sura yake ichorwe na kuoneshwa watu. Nakala iliyobaki iko maktaba ya Chuo Kikuu cha Kyoto. Mchoro wake ni wa mtu asiyejua kuchora. Mwaka 2020, korona ilipoingia, Wajapani walimfufua kwenye simu zao, kwenye mikate, kwenye barakoa, na Wizara ya Afya ikamtia kwenye tangazo la kuwasihi vijana wasisambaze ugonjwa. Kwa miezi kadhaa alikuwa kila mahali. Kisha akaondoka taratibu, kama inavyopasa, na waliomnunua akiwa kwenye fremu ya kudumu wamebaki naye.

Kwa hiyo anayeniuliza atundike nini, jibu langu ni hili. Aachane na turubai la mashine, na aachane pia na chapa ya kale asiyoweza kuitunza. Tokyo kuna taasisi kama Adachi ambayo bado inachonga na kuchapa kwa mkono kwa mbao za mcheri na karatasi ya mforosadi, na Kyoto kuna karakana ndogo zinazofanya hivyo hivyo. Chapa mpya ya Shōki kutoka mikono hiyo inalisha wachongaji ambao idadi yao ni ndogo. Si bei ya bakuli la tambi tena, lakini bado ni nafuu mbele ya kochi ambalo watu huilinganisha nalo. Aitundike karibu na mlango, si juu ya televisheni. Asiogope ikipauka. Ikishapauka kabisa aagize nyingine, ili fundi apate kazi ya mwaka unaofuata, na ile ya zamani aitoe ukutani.